Wamekataa Malipo ya Ajali ya Kazi: Tufanye Nini?

Maneno yaliyosemwa siku ya Jumapili mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa site



Tumeombwa kusema juu ya jambo moja tu. Mtu ameumia kazini. Ameomba malipo ambayo sheria inampa. Barua imerudi ikisema hapana. Afanye nini?

Wengi wetu tunajua afanyavyo mtu wa siku zote. Anakunja barua, anaitia ndani ya sanduku chini ya nguo za mke wake, na anasema: «Wakubwa wamekataa.» Halafu anakaa mlangoni mwa nyumba yake, na mke anakwenda sokoni kuuza unga kwa kopo ili watoto wale. Leo tumekuja kuwaambia kwamba barua ya kukataa si mwisho wa maneno. Ni jibu la kwanza tu, na jibu linaweza kujibiwa.

Lakini kabla ya kuwafundisha ninyi, lazima tuseme kosa letu wenyewe.

Sisi ni makarani. Tulisoma kwa mapadri, tukajifunza Kifaransa na kuandika vizuri, na kwa sababu ya elimu ile tulipewa meza na kiti wakati ndugu zetu wanashuka shimoni. Watu wa site wanatuita watu wa karatasi. Ni kweli. Na karatasi inaweza kumkata mtu sawa na mashini.

Sikieni habari hii. Jina la kompani hatulitaji. Jina la ndugu hatulitaji pia, kwa sababu ana watoto na bado anatafuta mkate wake hapa hapa. Tutamwita Yaya, kwani ni mkubwa kwetu kwa miaka.

Yaya alikuwa mtu wa mashini ya kuvunja mawe, kwa kompani ndogo iliyopewa kazi ndani ya mgodi wa kompani kubwa. Usiku mmoja alifanya zamu yake yote. Asubuhi mwenzake wa kumpokea hakuja. Kapita akamwambia: «Baki. Saa za kuongeza tutaziandika.» Yaya akabaki. Muda wa saa mbili baada ya zamu yake kwisha, jiwe likakwama kwenye mkanda. Kapita akapiga kelele kwamba kazi inasimama. Yaya, ambaye hakulala tangu jana yake, akanyosha mkono kuliondoa lile jiwe. Mkanda ukavuta mkono. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume.

Kesho yake mkubwa wa kazi alikuja kwenye meza yetu. Hakuketi. Alisema: «Andika.» Tukaandika. «Mfanyakazi alikuwa amemaliza zamu yake. Alibaki mahali pa kazi bila ruhusa. Aligusa mashini bila ruhusa.» Kitabu cha kuandika saa kilikuwa pale pale mezani, na ndani yake kapita ameandika kwa mkono wake kwamba Yaya ameongezwa saa. Tulikiona. Tulijua. Lakini tulifikiri juu ya mshahara wetu, na juu ya karo ya shule ya watoto wetu, na kalamu haikusimama. Tukaweka stampi, tukapeleka.

Miezi mingi ikapita, barua ikafika. Ilisema kwamba ajali ilitokea nje ya saa za kazi, kwa hiyo si ajali ya kazi, na hakuna malipo. Ofisi iliyoandika barua ile haikukosa. Ilisoma karatasi tuliyoipeleka sisi.

Jioni moja mke wa Yaya alikuja nyumbani kwetu na ile barua. Hakujua kitu. Alikuja kwa sababu sisi tunajua Kifaransa. Alisema: «Baba karani, nisomee, uniambie maana yake.» Tukamsomea. Kila neno lilikuwa neno letu. Mama yule alitushukuru, akaacha na ndizi chache mezani kwa heshima. Usiku ule hatukulala, na ndizi zile hatukuweza kuzila.

Basi, ndugu, tulipoanza kutafuta njia ya kurudisha haki ya Yaya, tulijifunza mambo tunayotaka kuwaambia leo.

Jambo la kwanza: haki hii si zawadi ya mkubwa yeyote. Wazee wetu waliochimba shaba ya Katanga walijua mambo ya kuomba na kukataliwa. Tarehe 9 Desemba 1941, hapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa, wafanyakazi waliokusanyika kudai mshahara walipigwa risasi na askari. Wakati ule mtu mweusi hakuwa na ruhusa hata ya kuwa na sendika. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Na tarehe 29 Juni 1961, siku moja tu kabla ya uhuru kutimiza mwaka, serikali ya Kongo ilitoa sheria iliyounganisha makasha matatu ya zamani, yaani la pensheni, la posho za watoto na la walemavu wa kazi, yakawa ofisi moja iliyoitwa INSS. Katanga ilikuwa imejitenga wakati ule, mpaka Januari 1963, lakini sheria ile ilikuja kuwa ya nchi nzima. Leo ofisi ile inaitwa CNSS, na sheria inayoiongoza ni ile ya tarehe 15 Julai 2016.

Kwa nini tunawatajia tarehe hizi? Ili mtu asiingie kwenye biro akiwa amevua kofia na kuinama kama mtu anayeomba msaada. Mchango wa ajali za kazi unalipwa na mwajiri peke yake, na kiasi chake kinafuata mishahara ya wafanyakazi. Maana yake, kila ulipofanya kazi, mwajiri alipaswa kuweka kitu kwa ajili ya siku utakayoumia. Unadai kilicho chako.

Jambo la pili: jueni nini kinaitwa ajali ya kazi. Sheria inasema ni ajali iliyompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi au wakati wa kazi, awe amekosa au hakukosa. Sikieni vizuri neno hilo: awe amekosa au hakukosa. Mkubwa akisema, «Ni uzembe wake mwenyewe,» neno hilo peke yake halifuti haki. Mtu aliyejiumiza kwa kusudi, hiyo ni habari nyingine. Lakini mtu aliyechoka, aliyesahau, aliyenyosha mkono kwa haraka kwa sababu kapita anapiga kelele, huyo ni mfanyakazi aliyeumia kazini. Tena, ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi, kwa njia ya kawaida, nayo inahesabiwa. Na kuna magonjwa ya kazi pia. Vumbi la mawe likiingia katika mapafu mwaka hata mwaka, linaleta ugonjwa uitwao silikozi, nao unaweza kujionyesha wakati mtu ameacha shimo zamani. Usikubali haraka kuambiwa kwamba kikohozi chako ni cha nyumbani. Omba upigwe picha ya kifua, na umwambie munganga ulifanya kazi gani, wapi, na miaka mingapi.

Jambo la tatu: someni barua ya kukataa. Ndugu, wengi wanaiogopa barua hata hawajui imesema nini. Kama hujui Kifaransa, tafuta mtu akusomee mara mbili, na umwulize neno moja: «Wamekataa kwa sababu gani?» Kwani sababu ni nyingi, na kila sababu ina jibu lake.

Kama wanasema haikuwa saa ya kazi, jibu ni kitabu cha saa, na mashahidi wa zamu ile.

Kama wanasema mwajiri hakutoa habari ya ajali, jibu ni kwamba mfanyakazi mwenyewe, au watu wa jamaa yake, wanaweza kutoa habari ile. Kosa la mwajiri halikuzibi kinywa wewe.

Kama wanasema jina si lile lile, jibu ni karatasi za kuonyesha kwamba ni mtu mmoja. Hili linatokea mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Kwenye kadi ya kazi umeandikwa jina la baba mbele, kwenye cheti cha ubatizo nyuma, na karani, mtu kama sisi, ameongeza herufi moja au ameondoa moja. Kagueni majina yenu leo, mkiwa bado wazima.

Kama wanasema wewe si mtu wa kompani ile, jibu ni mapatano ya kazi, karatasi za mshahara, na kadi ya kuingilia mlangoni. Ndugu mnaofanya kazi kwa zile kompani ndogo zinazokodiwa na kompani kubwa, hapa ndipo mnapopotea. Mtu anaumia, kompani kubwa inasema, «Si mtu wetu,» na kompani ndogo imekwisha kuhama. Kila mwezi shika karatasi yako ya mshahara, uiweke mahali pakavu. Na mjue jina la kweli la yule aliyewaandika kazini, si jina la kapita tu.

Na kama wamekubali ajali lakini wamepima ulemavu kuwa mdogo mno, jibu ni munganga. Ulemavu unapimwa kwa mia. Mkubwa ukiwa mkubwa, mtu analipwa pensheni siku zote. Ukiwa mdogo, analipwa mara moja na maneno yanakwisha. Kwa hiyo namba ile ya munganga ndiyo chakula cha nyumba. Kama huikubali, tafuta munganga mwingine akuandikie, kwa maneno wazi, ni nini mkono wako hauwezi kufanya tena.

Jambo la nne: andikeni, na andikeni mapema. Sheria inaweka siku, na siku zikipita mlango unafungwa. Usingoje mkubwa mwema arudi kutoka likizo. Juma lile lile andika barua fupi: jina lako, namba yako, siku ya ajali, siku ya barua yao, sababu waliyoitaja, na kwa nini sababu ile si kweli. Usitukane. Usilie. Usiandike habari ya mambo ishirini uliyotendewa tangu ulipoanza kazi. Jibu lile moja walilolisema. Fungia kopi za ushahidi, na karatasi za kwanza zenyewe zibaki kwako. Peleka barua kwa mkono, na usiondoke dirishani mpaka wamepiga stampi ya kupokea juu ya kopi yako. Barua bila stampi ni kama hukuiandika. Na kama una telefone yenye kupiga picha, piga picha ya kila karatasi, kwa sababu nyumba zinavuja na panya hawajui sheria.

Jambo la tano: kuna watu ambao kazi yao ni kusikiliza. Kompani ikishikilia neno lake la uongo, nenda kwa madelege wa sendika, mwende pamoja nao kwa Inspekta wa Kazi. Inspekta ana uwezo wa kuingia mahali pa kazi na kudai kuona vitabu, uwezo ambao wewe huna na sisi makarani hatuna. Atawaita ninyi wawili, wewe na mwajiri, ajaribu kuwapatanisha. Mkipatana, inaandikwa. Msipopatana, inaandikwa pia kwamba hamkupatana. Shika karatasi ile kama unavyoshika kadi yako ya kazi, kwa sababu bila kupita kwa Inspekta, Tribinali ya Kazi haipokei mashtaka ya mfanyakazi na mwajiri wake. Hiyo ndiyo sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Siku ile ile ilitoka pia sheria ya kuweka Tribinali za Kazi, na kwenye tribinali hizo jaji haketi peke yake: anaketi pamoja na mtu wa upande wa waajiri na mtu wa upande wa wafanyakazi. Na Tribinali ikikuhukumu vibaya, juu yake iko Kuru ya Rufani. Mnaona kwamba ngazi ni ndefu. Yule aliyekunja barua chini ya nguo hakupanda hata ngazi moja.

Sasa turudi kwa Yaya, maana mnataka kujua.

Tulikwenda kwake usiku. Tulimwambia ukweli mbele ya mke wake: «Yaya, ile karatasi tuliiandika sisi.» Hakusema neno kwa muda mrefu. Mke wake aliinuka akaingia ndani. Mwisho Yaya akasema: «Kitabu cha saa bado kipo?» Tukasema kipo. Akasema: «Basi msikiibe. Mkikiiba watasema mmekiandika ninyi nyumbani.» Mtu huyu hakusoma zaidi ya miaka minne, na alikuwa na akili kuliko sisi.

Hatukuiba kitabu. Yaya aliandika barua yake, sisi tukaandika kwa maneno yake. Alipata kopi ya kitabu cha dispanseri, ambamo mwuguzi aliandika saa aliyofikishwa akiwa na nguo za kazi, damu bado inatoka. Wenzake wawili wa zamu walikubali kushuhudia. Watatu walikataa, na hatuwahukumu. Delege akampeleka kwa Inspekta. Inspekta akadai kitabu cha saa. Kikaletwa, na mkono wa kapita ukasomeka ndani yake. Sisi tuliitwa kama wengine. Tuliulizwa: «Uliandika haya?» Tukajibu: «Ndiyo. Na hayakuwa kweli.»

Mkubwa wa kazi hakututazama. Lakini kompani iliandika habari ya ajali upya, sawasawa na kitabu. Ofisi ya malipo ikafungua tena habari ya Yaya, na ikakubali kwamba ni ajali ya kazi. Alilipwa fedha za siku zote alizokaa bila kazi. Juu ya namba ya ulemavu bado wanashindana, na munganga wa pili amekwisha kuandika. Vidole havikurudi. Mke wake hauzi tena unga usiku. Anauza mchana tu, kwa faida yake.

Na sisi? Tuliondolewa kwenye meza ile, tukatumwa depo kuhesabu magunia na misumari. Mshahara ulipungua. Hatusemi haya ili mtusifu. Kama tungeandika kweli siku ya kwanza, Yaya asingengoja muda wote ule, na hakuna mtu angekuwa na sababu ya kutusifu wala kutuhamisha.

Wengine watasema: «Ninyi mnasema vizuri, lakini mtu akidai, kesho hana kazi, na nani atamlisha?» Swali hili ni la haki. Hatuwezi kudanganya watu kwamba hakuna hatari. Ndiyo maana tunasema mtu asiende peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mfanyakazi mmoja mbele ya dirisha ni mtu wa kufukuzwa. Mfanyakazi pamoja na delege, na mashahidi wawili, na barua yenye stampi, huyo ni neno ambalo lazima lijibiwe. Na mjue hesabu hii: wale watatu waliokataa kushuhudia wanafanya kazi kwenye mkanda ule ule. Mkono wa Yaya ukihesabiwa kuwa uzembe, mikono yao nayo imekwisha kuhesabiwa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu kabla hamjarudi nyumbani.

Ninyi wa shimoni na wa mashini: mwenzenu akiumia, andikeni siku ile ile mlichoona, saa gani, mahali gani, na mweke sahihi au kidole. Kumbukumbu ya miezi sita si kumbukumbu tena.

Ninyi mama zetu: karatasi za nyumba mara nyingi ziko mikononi mwenu. Zishikeni. Bwana akikunja barua ya kukataa, ikunjueni.

Na ninyi makarani wenzetu: tunajua mko hapa, mmeketi nyuma. Mkubwa akisema «Andika,» kumbukeni kwamba mkono unaoandika ni wenu, na vidole vyake vitano bado vipo. Andikeni kilicho kweli. Kama hamwezi kukataa, angalau msiharibu kitabu cha saa, maana siku moja mtu atakuja kukiuliza.

Tumesema. Wenye maswali wabaki, na wenye barua walizokataliwa wazilete hapa mbele. Tutazisoma pamoja, moja moja, mpaka giza liingie.